Kizibo cha Juu Kwanza

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, umpe wifi zake mkononi, na zilizobaki uwagawie watoto bila kuwapunja. Nataka kujua kama kifua cha yule mdogo kimepona, na kama wifi bado anasumbuliwa na jino. Sisi huku ni wazima. Mama ana mgongo wake, lakini mgongo huo umeshakuwa mtu wa nyumbani, tunajua unaamka saa ngapi na unataka nini. Baba mikono inamtetemeka zaidi ya nilivyokuandikia mara ya mwisho; chai sasa anajaziwa nusu kikombe, na anajifanya ndivyo anavyopenda. Mimi bado niko na vyerehani vyangu. Wiki hii nimetengeneza saba, na vitano kati ya hivyo havikuwa na ugonjwa wowote ila wenye navyo hawajui kwamba mashine nayo hupata kiu.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma mara nyingi, na ndiyo maana nimechelewa kuijibu. Uliandika kwamba kila ukitoka kazini unarudi mara tatu kuangalia kama umezima tanuri la mikate, na mara zote tatu unakuta umezima. Ukaandika pia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba siku hizi unajishuku hata kuhusu giaboksi ndogo ya Kobe, lile gari la baba. Kwamba pengine baba alikuwa na haki, pengine kweli uliimwaga ile oili ukasahau, maana haiwezekani watu wote wakosee ukawa sahihi wewe peke yako. Kuhusu hilo nina jambo la kukuambia. Nitalifikia, lakini nitapitia chini ya gari, kwa sababu ndiko liliko.

Kobe bado yuko uani, kando ya ukuta wa jiko, pale pale ulipomwacha miaka kumi na miwili iliyopita. Rangi ya kijani imepauka upande unaopigwa na jua, upande wa pili bado anajiona kijana. Tangu mikono ya baba ianze kutetemeka mimi ndiye ninayemwasha kila Jumapili, namzungusha mtaani mara mbili ili betri isife, kisha namrudisha. Majirani wananicheka kwamba natembeza gari kama watu wanavyotembeza mbwa.

Mwanzoni mwa mwezi huu baba aliniita, akasema anataka Kobe abadilishwe oili zote za chini, yaani difu ya mbele, difu ya nyuma, na giaboksi ndogo ile inayogawa nguvu kwenda ekseli zote mbili. Nikamuuliza tunakwenda wapi. Akasema gari likiwa tayari atasema. Nikasema basi nikamwite fundi wa gereji. Akasema fundi anaye, akaninyooshea fimbo. Kaka, nina miaka ishirini na tisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza naruhusiwa kuingia chini ya gari lile. Unakumbuka cheo changu. Wewe ulikuwa Fundi tangu una miaka kumi, mimi nilikuwa Tochi. Kazi yangu ilikuwa kumulika, na nikithubutu kusogeza mwanga kidogo ili nami nione unachofanya, baba anapiga kelele kwamba kumekuwa giza.

Tulifanya Jumamosi asubuhi. Kwanza nilimwendesha Kobe robo saa, kwa sababu oili baridi ni nzito na haitoki yote. Nikamweka pale uani palipo sawa, si kwenye ule mteremko wa karibu na bomba, nikaweka matofali mbele na nyuma ya magurudumu. Mama akatoa shuka kuukuu la kulalia na matambara aliyoyakata kutoka mashati ya baba. Baba alilitambua moja, akalishika kwa muda, akasema shati hilo lilikuwa zima. Mama akamwambia lilikuwa zima mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa mzima. Kisha akanionya kwamba atakayeshika kitasa cha mlango kwa mkono wa oili atalala uani na gari lake, akaingia ndani.

Baba alikaa kwenye kigoda kando ya gurudumu la mbele, fimbo katikati ya magoti. Kabla sijalala chini alinitaka niseme sheria. Unaijua sheria. Kila boksi lina vizibo viwili, cha juu cha kujazia na cha chini cha kumwagia, na cha juu kinafunguliwa kwanza. Mtu akianza na cha chini oili itatoka vizuri, atafurahi, halafu cha juu kitagoma kwa kutu, na hapo atakuwa na boksi kavu na hana pa kuingizia kitu. Alinitaka niseme mara mbili, nikasema mara mbili. Sauti yangu ya mara ya pili sikuipenda.

Difu ya nyuma haikunisumbua. Kizibo cha juu kilitoa mlio mmoja kikalegea, cha chini kikafuata, oili ikaingia kwenye beseni, nyeusi na inanuka kama inavyonuka siku zote. Sumaku ya kizibo ilikuwa imeshika unga wa chuma, laini kama ule wa penseli iliyochongwa. Nilimpa baba akausugua kati ya vidole viwili, akasema huo ni uzee wa kawaida, vipande vyenye kona ndivyo vya kuogopa. Difu ya mbele ilitoa oili ya rangi ya maziwa. Baba alikuwa ameshasema, kabla hata sijaifungua, kwamba maji yameingia, kwa sababu ule mpira mwembamba unaoiwezesha ekseli kupumua alikuwa amesikia unapiga bodi. Niliukuta umekatika kweli. Nikaweka mwingine, nikafuta sumaku, nikakaza cha chini, nikasukuma oili mpya kwa pampu ya mkono mpaka ikaanza kuchuruzika yenyewe kwenye tundu la juu.

Halafu kidole. Unajua baba haamini mchuruziko. Lazima kidole kiingie kwenye tundu la juu na kitoke kimelowa, ndipo aamini boksi limejaa. Yeye hawezi tena kuinama mpaka chini, kwa hiyo nilitia changu, nikatoka kwa kutambaa, nikamwonyesha. Alikigusa kwa chake.

Tukafika giaboksi ndogo. Niandike kisa cha ajali ile kwa mpangilio, ingawa unakijua kuliko mimi, ili baadaye uone mahali palipokosekana kitu. Baba alikuwa na safari ya kikazi siku ya Jumatatu, kule barabara ya milimani. Alikuachia wewe kazi ya kubadilisha oili. Ijumaa ulifanya difu zote mbili, giza likakukuta, ukaacha giaboksi ndogo. Jumamosi ulikuwa na zamu kule gereji ulikokuwa unajifunza kazi. Jioni mezani baba alikuuliza kama gari liko tayari, nawe ukasema tayari, ukijua utaamka Jumapili umalizie, na kwamba oili ya zamani bado imo na haitamdhuru mtu. Kisha usiku, sisi tukiwa tumelala, baba akapigiwa simu na ofisi yake kwamba safari imesogezwa, akaondoka Jumapili alfajiri. Siku zote huangalia kwa kidole kabla ya safari ndefu. Siku hiyo hakuangalia, kwa sababu wewe ulikuwa umesema tayari.

Giaboksi ilikamata kwenye mteremko baada ya mwendo wa saa mbili. Magurudumu yakagoma yote kwa pamoja, Kobe akaingia mtaroni, baba akavunjika nyonga. Fundi aliyelivuta gari alisema giaboksi ilikuwa kavu kama sufuria, na kizibo cha juu kilikuwa kimeliwa kona zote na mtu aliyejaribu kukifungua akashindwa. Nyumbani kopo la oili mpya lilikutwa halijafunguliwa. Kila kitu kikakuelekea wewe. Ulikiri kwamba ulisema tayari wakati hujamaliza, na uliapa kwamba kizibo hukukigusa. Ule uongo wako mdogo uliumeza ukweli wako mkubwa. Baba, akiwa bado kitandani hospitali, alisema hataki mtu wa maneno mawili chini ya gari lake. Mwezi haukuisha ukafunga begi, ukaacha na spana, ukaenda kuoka mikate.

Basi Jumamosi hiyo nilihitaji washa mbili za shaba, zile pete za kukaa chini ya vizibo, nikaenda kwenye lile kopo la nati kuukuu, nikamimina vyote juu ya shuka. Kile kizibo kilicholiwa kona kikatoka humo. Nilikuwa sijui kama baba alikihifadhi. Kilikuwa na kutu shingoni, na kona zake sita zimekuwa mviringo. Baba akakiomba. Akakigeuzageuza kwenye kiganja, akasema hiki ndicho kilichomshinda kaka yako. Akasema hakuna fundi asiyewahi kuanza na cha chini hata siku moja, yeye mwenyewe aliwahi, tena mara mbili. Akasema laiti ungemwamsha tu usiku ule ukamwambia, mngetoka nje pamoja na patasi na nyundo, mngekifungua, mngecheka. Hakukasirikia oili, alisema. Alikasirika kwa sababu ulimwangalia machoni ukaapa.

Nilichukua washa zangu nikarudi chini ya gari. Kizibo cha juu, hiki kipya walichoweka baada ya ajali, kilifunguka bila shida. Nililala pale na spana mkononi, nikafungua cha chini, oili ikaanza kutoka, nikaona hakuna kitu kingine cha kufanya mpaka iishe.

Kaka, aliyeimwaga ile oili ni mimi.

Jumamosi ile wewe ulikuwa gereji, baba kazini, mama alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimechoka kuwa Tochi. Nilijua umebakiza giaboksi ndogo. Nilitaka urudi ukute imekwisha, na baba atie kidole chake akikute kimelowa, halafu niseme mimi. Niliingia chini, na kwa sababu cha chini ndicho kilichokuwa karibu na mkono wangu, nikaanza nacho. Sheria niliijua. Nilikuwa nimeisikia kwa miaka saba nikiwa nimeshika tochi, lakini kusikia na kulala chini ya gari ni vitu viwili. Cha juu kikagoma. Nilikivuta kwa spana ya kupanua na kubana, ile ya kwenye sanduku la cherehani cha mama, mpaka kona zikaisha na mikono ikatoka damu. Nikarudisha cha chini nikakikaza. Oili ya zamani nikaichanganya kwenye dumu pamoja na ile uliyoitoa Ijumaa, nikafuta boksi likang'aa, nikaosha mikono kwa sabuni ya unga. Nilipanga nikuambie wewe kwanza, peke yako, Jumapili asubuhi.

Mezani jioni nilikusikia ukisema tayari. Hapa ndipo ninapojichukia zaidi kuliko pote. Nilijiambia labda umeingia chini ukaona, ukajaza, na unanifichia. Lakini shati lako lilikuwa safi, Kaka. Nililiangalia. Nilijua hukuingia chini ya gari siku hiyo, nilijua giaboksi haina tone, na nikaendelea kula. Nilihesabu kwamba Jumatatu bado iko mbali.

Ulipoapa mbele ya baba mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chake. Nilifyata ulimi. Mwanzo niliogopa kwamba atakufa, na kwamba nitakuwa nimemuua. Alipopona niliogopa kwamba utarudi unidai maisha yako. Baadaye haikuwa tena hofu, ilikuwa mazoea. Nilikuandikia barua kila mwezi, nikakuuliza hali ya watoto, nikakuchora hata ramani ya jinsi mama alivyohamisha samani, na kila barua niliifunga bila neno hilo. Nadhani niliendelea kuandika ili usinishuku. Pia niliandika kwa sababu nakupenda. Yote mawili ni kweli, na sijui kipimo cha kila moja.

Nilidhani angalau wewe unajua. Hilo ndilo nililojifariji nalo, kwamba dunia nzima ikikulaumu, ndani yako unajua hukufanya. Ulipoandika kwamba unarudi tanurini mara tatu, kwamba sasa unaamini pengine ulisahau, nikaelewa kwamba nimekunyang'anya hata hicho.

Nilimwambia baba nikiwa bado chini ya gari. Nilikuwa naona viatu vyake na ncha ya fimbo tu, na nadhani ningeuona uso nisingeweza. Nilisema yote, tangu spana mpaka shati. Viatu havikusogea. Oili iliendelea kuchuruzika kwenye beseni, kisha ikawa matone, kisha ikaisha. Halafu aliuliza nilitumia spana ipi. Nikamwambia. Akasema ile haishiki kona, inazila. Kisha akasema nifunge cha chini nijaze, nisiache tundu wazi vumbi likaingia.

Nilijaza. Nilitia kidole, nikatambaa kutoka, nikakinyoosha kama nilivyofanya mara mbili za kwanza. Safari hii hakukigusa. Alichukua kipande cha shati lake akakifuta kidole changu, pole pole kwa ile mikono yake, mpaka kikakauka, akaniachia. Ndipo aliposema safari ilikuwa ya wapi. Kobe alikuwa anatayarishwa ili mimi nimwendeshe baba mpaka kwako. Alikuwa amepanga hivyo tangu mwaka jana na hakumwambia mtu. Alisema alikuwa anakwenda kumsamehe Fundi. Alisema Fundi, Kaka, jina ambalo kwa miaka kumi na miwili halijatoka kinywani mwake. Kisha akasema sasa hana cha kusamehe, yeye ndiye wa kusamehewa, na hajui mzee wa umri wake huanzaje kuomba. Alilia kidogo. Sikujua niweke wapi mikono yangu, nikakusanya spana.

Mama alikuwa dirishani na alisikia. Tangu siku hiyo hajasema nami. Chakula ananiwekea, sahani inawekwa mezani taratibu kama siku zote, ila haisindikizwi na neno. Leo ni siku ya tano. Nimeona ni haki yake, wala simwambii basi.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Kukuomba ni kukupa kazi nyingine juu ya zile nilizokwisha kukupa. Nilichotaka ni ujue, tena kwa mwandiko wangu, ili uweze kumwonyesha wifi, na yeyote mwingine uliyewahi kumwambia kwamba pengine ulikosea. Hukukosea. Uliapa kweli.

Baba amesema hataondoka mpaka uandike. Kobe amejazwa kote, amegeuzwa, anaangalia lango. Ukiandika njooni, nitamleta baba na mama, nitawashusha, na kama hutaki kuniona nitakaa ndani ya gari. Ukiandika msije, atakaa kwenye kigoda chake na hatakulaumu, amesema mwenyewe. Usipoandika kabisa, nitaendelea kumwasha kila Jumapili.

Mama anakusalimu sana; aliniandikia salamu hizo kwenye karatasi, nami nanakili kama zilivyo: mwanangu, kula vizuri. Baba hakutoa salamu. Amesema zake haziwezi kupita mkononi mwa mtu, atazileta au atakaa nazo. Wasalimie wajukuu wake, ambao anawajua kwa picha tu. Ameuliza yupi kati yao anapenda kufungua vitu.

Ndani ya bahasha utakuta kile kizibo cha zamani, nimekifunga kwenye kitambaa kisichane karatasi. Baba ndiye aliyesema nikitume. Kikae mfukoni mwako ukiwa kazini, na jioni ukitaka kurudi tanurini mara ya pili, zipapase kona zake kwanza. Ni kazi ya mikono yangu.

Mimi, mdogo wako,

Tochi